Kura Zikigawanyika: Watu Watatu Katika Kugombea Kiti Kimoja

Watu wengi hudhani kwamba katika uchaguzi kuna neno moja tu la kujua, yaani nani amependwa na watu walio wengi. Wakisimama watu wawili, mawazo hayo ni sawa, kwa maana mmoja wao hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura, isipokuwa zimelingana. Lakini wakisimama watatu, mambo hubadilika. Huenda mtu akashinda hali wengi wa waliopiga kura hawakumchagua. Haina maana kwamba wizi umetendeka. Kura zimehesabiwa sawasawa, sheria imefuatwa, na hata hivyo watu wengi hurudi nyumbani wakiulizana imekuwaje.

Jambo hili huitwa kugawanyika kwa kura, na mara nyingi huleta swali la pili lililo gumu kuliko la kwanza: je, yafaa mmoja wa hao watatu ajitoe ili kura zisigawanyike? Uchaguzi uliofanywa katika jimbo la Florida, Marekani, mwaka 2010, ni mfano mzuri wa kueleza maswali yote mawili.

MFANO WA CHAMA CHA WAKULIMA

Kabla ya kufika Florida, msomaji na afikiri juu ya chama cha wakulima wa kahawa chenye wanachama 100. Wanataka kumchagua mwenyekiti, na neno kubwa lililo mbele yao ni kama wanunue kinu kipya cha kukobolea kahawa au waweke fedha zao akiba. Wanachama 60 wataka kinu. Wanachama 40 wataka akiba.

Wanasimama watu watatu. Wawili wasema kinu kinunuliwe. Wa tatu asema fedha ziwekwe. Siku ya kura wale 60 wanagawanyika: 33 wampa huyu, na 27 wampa yule. Wale 40 wote wampa mtu wao mmoja. Basi mtu wa akiba ndiye mwenyekiti, kwa kura 40, ingawa watu 60 katika 100 hawakutaka shauri lake. Wale 60 hawakushindwa kwa uchache. Walishindwa kwa kutokusanyika pamoja.

Sababu yake ni kanuni yenyewe ya uchaguzi. Kanuni hii husema kwamba mwenye kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake ndiye mshindi, hata asipofikia nusu. Ni kanuni nyepesi, kila mtu aielewa, na kura huhesabiwa mara moja tu. Kwa hiyo hutumiwa katika nchi nyingi. Lakini ubaya wake ni huo uliokwisha kuonyeshwa.

BARAZA LA SENETI LA MAREKANI

Seneti ni mojawapo ya mabaraza mawili yanayotunga sheria za Marekani. Ina wajumbe 100, wawili kutoka kila jimbo katika majimbo 50, na kila mmoja hukaa miaka sita. Hapo zamani masenta hawakuchaguliwa na watu wote, bali na mabaraza ya majimbo yao. Mwaka 1913 Katiba ilibadilishwa, na tangu hapo raia wenyewe huwapigia kura. Katika majimbo mengi, Florida ikiwa mojawapo, mwenye kura nyingi kuliko wenzake huchukua kiti, wala hapana duru ya pili.

Vyama vikubwa katika nchi hiyo ni viwili, Republican na Democratic. Kwa kawaida kila chama hufanya kwanza uchaguzi wake chenyewe ili kumteua mtu mmoja, ndipo wateule wa vyama hukutana mbele ya watu wote mwezi wa Novemba. Desturi hiyo husaidia sana kuzuia kura zisigawanyike, kwa kuwa wapenzi wa chama kimoja hugombana mapema, nao wakiisha kugombana huungana nyuma ya mtu mmoja. Mambo huharibika anapotokea mtu wa tatu mwenye nguvu, na hivyo ndivyo ilivyotokea Florida.

WATU WATATU WA FLORIDA

Mtu wa kwanza alikuwa Charlie Crist, Gavana wa jimbo lenyewe, naye alikuwa wa chama cha Republican. Mwezi wa Mei 2009 alitangaza kwamba ataka kiti cha Seneti, na watu wengi walidhani amekwisha kukipata.

Wa pili alikuwa Marco Rubio, pia wa Republican, kijana aliyekuwa amepata kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Florida. Mwanzoni alionekana mdogo mbele ya Gavana. Lakini wanachama wengi wa Republican walikuwa wamemkasirikia Crist, hasa kwa sababu alikuwa ameunga mkono mpango wa Rais Barack Obama wa kutumia fedha za serikali kuinua uchumi. Kidogo kidogo Rubio alimpita.

Wa tatu alikuwa Kendrick Meek wa chama cha Democratic, Mwamerika mweusi kutoka Miami. Alikuwa mjumbe katika Baraza la Wawakilishi la Marekani tangu mwaka 2003, akishika kiti kilichokuwa cha mama yake, Carrie Meek.

Crist alipoona kwamba atashindwa ndani ya chama chake, alifanya jambo la kushangaza. Tarehe 29 Aprili 2010 alitangaza kwamba atasimama peke yake, bila chama. Mwezi wa Agosti Rubio aliteuliwa na Republican, na Meek akateuliwa na Democratic baada ya kumshinda tajiri mmoja aliyetumia mamilioni ya fedha zake mwenyewe. Hivyo watatu wote wakaingia katika mashindano ya mwisho.

Kwa muda Crist alikuwa mbele katika hesabu za kupima maoni ya watu. Wapenzi wengi wa Democratic walikuwa tayari kumchagua, maana walimwona kuwa ndiye awezaye kumzuia Rubio. Lakini Meek alipoteuliwa, wengi wao walirudi kwa mtu wa chama chao. Tokea hapo ikawa kama ule mfano wa kinu: watu wasiomtaka Rubio walikuwa wengi, lakini walikuwa na watu wawili.

NENO LA KUJITOA

Tarehe 28 Oktoba, siku tano kabla ya siku ya kura, ilitangazwa katika magazeti kwamba Bill Clinton, aliyekuwa Rais wa Marekani na rafiki wa Meek, alikuwa amezungumza na Meek juu ya kujitoa ili kura zake zimwendee Crist. Habari hiyo ilizusha kelele nchi nzima. Meek alisema wazi kwamba hakukubali kujitoa, wala hatajitoa. Akabaki mpaka mwisho.

Siku ya tarehe 2 Novemba 2010 kura zilihesabiwa hivi: Rubio 2,645,743, yaani karibu 49 kwa mia, Crist 1,607,549, karibu 30 kwa mia, na Meek 1,092,936, kiasi cha 20 kwa mia. Zilizobaki zilikwenda kwa watu wadogo. Rubio alichukua kiti bila kufikia nusu.

Mara watu wengi walisema, “Laiti Meek angalijitoa, Crist angalishinda.” Je, ni kweli? Yafaa kufanya hesabu badala ya kusema kwa hasira.

Ukijumlisha kura za Crist na za Meek, utapata 2,700,485. Hizo zazidi za Rubio kwa kura 54,742 tu, yaani kiasi cha moja kwa mia ya kura zote. Basi ili Crist ashinde ilimpasa apate kura 95 katika kila 100 za Meek, kama wale wengine watano wangalikaa nyumbani. Na kama wale wasiomtaka Crist wangalimwendea Rubio badala ya kukaa nyumbani, Crist angalihitaji zaidi ya 97 katika kila 100.

Hapo ndipo penye kosa la watu wengi wanapozungumza habari ya kujitoa. Hufikiri kwamba kura ni kama mbuzi ndani ya zizi, ambao mwenyewe aweza kuwaswaga wote kwa pamoja kuwapeleka zizi la jirani. Lakini kura ni mali ya mpiga kura. Mtu aliyempenda Meek kwa sababu ya chama chake, au kwa sababu alitaka kuona mtu mweusi katika Seneti, hakulazimika kumpenda Crist, ambaye mwaka mmoja tu uliopita alikuwa mtu wa Republican. Baadhi wangalimfuata, baadhi wangaliacha kupiga kura, na wachache wangalimpa Rubio. Kufikia 95 katika 100 si jambo rahisi.

Tena kulikuwa na neno la wakati. Florida huruhusu watu kupiga kura mapema, na watu wengi walikuwa wamekwisha kupiga. Karatasi za kura zilikuwa zimechapwa zenye jina la Meek. Hata angalijitoa siku ile, kura zilizokwisha kutiwa ndani ya sanduku hazingeweza kurudishwa.

MANENO YA PANDE MBILI

Waliotaka Meek ajitoe walikuwa na hoja yao. Walisema kwamba kusimama si heshima ya mtu binafsi. Mtu husimama kwa ajili ya shauri fulani, na akiona kwamba kusimama kwake kunalipa ushindi shauri lililo kinyume, ampishe mwenzake. Kung’ang’ania, walisema, ni kupenda jina kuliko kazi.

Waliomtetea walikuwa na hoja iliyo nzito vilevile. Meek alikuwa ameteuliwa kwa kura za wanachama wa Democratic, kwa sheria, mbele ya watu wote. Crist hakuteuliwa na mtu. Alikiacha chama chake alipoona atashindwa. Kwa nini mwenye haki ampishe asiye na chama? Na kama mtu wa kuondoka ni yule aliye nyuma, mtu mpya atapata wapi nafasi ya kujulikana? Tena wengine waliona vibaya kwamba aliyeambiwa akae pembeni ni yule mtu mweusi peke yake kati ya watatu.

Kila msomaji aweza kupima mwenyewe. Lakini yafaa kukumbuka kwamba swali la kujitoa si la hesabu peke yake. Ni swali la haki na la uaminifu pia.

KANSAS, MWAKA 2014

Huenda mtu akasema kwamba Meek angaliambiwa mapema, shauri lingalifaulu. Miaka minne baadaye, katika jimbo la Kansas, lilijaribiwa hivyo.

Huko Seneta Pat Roberts wa Republican, aliyekuwa katika Seneti tangu mwaka 1997, alikabiliwa na watu wawili: Chad Taylor wa Democratic, na Greg Orman, mfanya biashara asiye na chama. Tarehe 3 Septemba 2014, miezi miwili kabla ya kura, Taylor alijitoa. Ofisa wa jimbo anayesimamia uchaguzi alisema kwamba barua yake haikutimiza sheria, na kwamba jina lake litabaki katika karatasi. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Kansas, na tarehe 18 Septemba mahakama iliamuru jina liondolewe.

Basi njia ikawa wazi kwa Orman, na kwa muda alionekana yu mbele. Lakini chama cha Republican kilishtuka. Wakubwa wake wakaja Kansas kumsaidia Roberts, na watu waliokuwa wamechoshwa naye wakarudi kundini. Mwisho Roberts alipata 53 kwa mia, na Orman karibu 43. Kujitoa kulizuia kura zisigawanyike upande mmoja, na kukawaunganisha zaidi watu wa upande wa pili. Tena mshindi alipita nusu, kwa hiyo hapana aliyeweza kusema kwamba ameshinda kwa sababu ya mgawanyiko.

KISA KINACHOJULIKANA KENYA

Watu wa Kenya hawana haja ya kwenda mbali kuona mambo haya. Katika uchaguzi wa Rais wa Desemba 1992, Daniel arap Moi alishinda kwa kiasi cha 36 kwa mia ya kura. Kenneth Matiba alipata kiasi cha 26, Mwai Kibaki zaidi ya 19, na Jaramogi Oginga Odinga zaidi ya 17. Wote watatu walikuwa upande wa upinzani, na kura zao zikijumlishwa zapita 60 kwa mia. Matiba na Odinga walikuwa wametoka katika chama kimoja, FORD, kilichovunjika kabla ya uchaguzi.

Miaka kumi baadaye somo lilikuwa limeingia. Mwaka 2002, viongozi kadhaa waliokuwa na tamaa ya urais, miongoni mwao Michael Kijana Wamalwa, Charity Ngilu na Raila Odinga, walikubali kumwachia Kibaki nafasi. Walifanya hivyo miezi miwili na zaidi kabla ya kura, hadharani, wakasimama pamoja naye mbele ya watu. Desemba ile Kibaki alipata zaidi ya 60 kwa mia.

Tofauti ya 2002 na Florida ni rahisi kuiona. Kujitoa kwa 2002 kulifanywa mapema, kulifanywa wazi, na kulifanywa na viongozi ambao wafuasi wao walikuwa tayari kukaa pamoja. Huko Florida neno lilinong’onwa kwa siri, likafichuliwa siku tano kabla ya kura, kwa ajili ya mtu ambaye wafuasi wa Meek walikuwa hawajamzoea.

DAWA YA SHERIA

Majimbo mengine ya Marekani yameona kwamba si vema kutegemea huruma ya mgombea ajitoe au asijitoe, bali kubadili kanuni yenyewe.

Njia ya kwanza ni duru ya pili. Katika jimbo la Georgia mtu hana budi kupita nusu. Mwezi wa Novemba 2022 Raphael Warnock alipata zaidi ya 49 kwa mia, na Herschel Walker zaidi ya 48, kwa sababu mtu wa tatu alichukua kiasi cha 2 kwa mia. Wawili hao walirudi kwa watu tarehe 6 Desemba, na Warnock akashinda kwa zaidi ya 51 kwa mia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hutumia njia hii katika kumchagua Rais, lakini seneta wa kila kaunti huchaguliwa kwa kanuni ile ya zamani ya mwenye kura nyingi.

Njia ya pili ni kumwachia mpiga kura aandike wagombea kwa taratibu: wa kwanza ampendaye, wa pili, na wa tatu. Kama hapana aliyefikia nusu, yule wa mwisho huondolewa, na kura zake hupelekwa kwa wale walioandikwa wa pili. Hivyo ndivyo Alaska ilivyofanya mwaka 2022. Katika hesabu ya kwanza Lisa Murkowski alipata zaidi ya 43 kwa mia, Kelly Tshibaka zaidi ya 42, wote wa Republican, na Patricia Chesbro wa Democratic kiasi cha 10. Chesbro hakujitoa. Alipoondolewa katika hesabu, wengi wa watu wake walikuwa wamemwandika Murkowski wa pili, naye akashinda kwa kiasi cha 54 kwa mia. Waliompenda Chesbro walimpigia kura bila hofu, na bado sauti yao ilisikiwa mwishoni.

Njia hizi nazo zina taabu zake. Duru ya pili hugharimu fedha, na watu wengine huchoka kurudi kituoni. Kuandika kwa taratibu kwataka maelezo mengi, na hesabu yake huchukua siku. Mwaka 2024 watu wa Alaska waliulizwa kama waifute kanuni hiyo, na waliokataa kuifuta waliwazidi wenzao kwa kura chache mno.

LA KUKUMBUKA

Basi watu watatu wasimamapo kugombea kiti kimoja, mpiga kura mwenye busara hujiuliza mambo matatu. Kwanza, kanuni ya uchaguzi huu ni ipi: mwenye kura nyingi, au mpaka apite nusu? Pili, ni nani kati ya hao wawezao kushinda kweli, wala si kwa maneno ya uvumi? Tatu, kura yangu nikimpa nimpendaye, itamsaidia nani?

Na wale wanaosimama wana lao la kujiuliza, tena mapema, kabla karatasi hazijachapwa. Anayetaka kumwachia mwenzake nafasi na aende kwanza kwa watu wake awaeleze sababu, kwa kuwa kura ni zao. Na anayetaka mwenzake ampishe asianze kwa kumwambia aondoke. Aanze kwa kutafuta sababu ya watu wa mwenzake kumwamini. Huko Florida, siku tano kabla ya kura, hapana hata moja la hayo lililokuwa limefanywa.